Kumi na Moja Juu ya Ishirini

Dagoretti Corner,
Jumamosi mchana.

Nafula mwanangu,

Mama yako amekupeleka Kenyatta Market kusukwa nywele, na kwa vile nawajua wasusi wa pale, wanaoanza kichwa kimoja na kukiacha nusu ili waanze kingine, najua hamtarudi kabla ya jua kushuka. Kwa hiyo nina nyumba peke yangu, kikombe cha chai, kalamu yako ya bluu, na karatasi za mtihani za chuo ambazo nimezigeuza ili niandike mgongoni. Ni karatasi nzuri. Angalau leo zitaandikwa kitu cha maana.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Kakamega, chuo cha ualimu. Mambo ya blanketi, sabuni, na watu wa kuepuka stendi, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na atayasema tena mpaka basi lianze kusonga, kwa hiyo mimi nayaruka. Mimi nina jambo moja tu. Tangu ulipokuwa darasa la sita hujaniandikia barua hata moja. Humwandikia mama yako, na mwishoni unaweka "msalimie Baba," kama mtu anayemsalimia mlinzi wa lango. Sababu wewe unaijua. Mimi nimeijua Jumatano iliyopita. Kabla hujaondoka nataka kukueleza mtu aliyekufanyia vile alikuwa mtu wa namna gani, halafu utaamua mwenyewe kama anastahili stempu.

Itabidi nianze na habari za alama, maana ndiyo kazi niliyoifanya karibu miaka yako yote, na sasa unakwenda mahali ambapo utapewa alama miaka miwili, kisha utapewa kalamu nyekundu uanze kuwapa wengine. Ulikua ukiona mirundo ya karatasi mezani petu, ukiambiwa usiguse, ni mitihani ya watu. Ukawa unapita pale kwa ncha za vidole. Ulidhani kuna kitu kitakatifu pale. Lo, mtoto wa watu.

Chuoni kwetu mjini, kama unavyojua, nafundisha ujenzi. Kozi ni ya miaka miwili. Kazi za muhula zina alama thelathini, mtihani wa mwisho sabini, na arobaini ndiyo ya kupita. Ukisikia hesabu hiyo utadhani kuna mizani imefichwa mahali. Hakuna. Mwenzangu Gitau alikuwa akisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akisema huko katikati wote huandika upuzi ule ule. Mwingine, marehemu sasa, alipenda mwandiko uliolalia kulia, na mwenye mwandiko wa kusimama alipata taabu mpaka siku ya kumaliza chuo. Zile kazi za muhula ndizo usiseme. Nusu ya walimu walizitunga siku ya kuzipeleka ofisini, wakipitia orodha ya majina na kujaribu kukumbuka sura. Sura isiyokumbukwa ilipewa kumi na tano. Mtu anaweza kupita kwenye dunia hii akiwa kumi na tano na asijue kwamba maana yake ni kwamba hakuna aliyemwona.

Mimi nilijiona bora kuliko hao, kwa sababu nilisahihisha kweli. Nilisahihishia huko huko ulipo sasa, Kenyatta Market, upande wa nyama choma. Jumamosi mimi na Gitau tulikuwa tukiagiza mbuzi, na wakati nyama iko motoni tukifungua bahasha. Nikwambie jambo ambalo halimo katika kanuni za chuo chochote: karatasi iliyosahihishwa kabla nyama haijafika ilikuwa na bahati mbaya, na iliyofuata baada ya nyama ilikuwa na bahati njema. Njaa yangu ilikuwa mtahini msaidizi. Vijana wa watu walikariri miezi mitatu, wakauza kuku na kondoo wa nyumbani ili wakae darasani, halafu hatima yao ikangojea mbavu ziive.

Sasa faili. Nilipoajiriwa, Mzungu aliyekuwa akifundisha somo lile alikuwa anafunga virago kurudi kwao Uingereza, akaniachia maandishi yake yote. Niliyanakili kwa mkono wangu, nikayatia kwenye faili la kahawia, nikafundisha humo mwaka baada ya mwaka mpaka karatasi zikawa njano. Wanafunzi waliliita faili lile Kiporo. Nilijua, nikajifanya sijui. Humo ndani, somo la misingi ya nyumba lilikuwa na swali ambalo halikukosa mtihanini: taja mambo manne yanayoamua kina cha msingi. Jambo la tatu, katika mwongozo wangu wa kusahihisha, lilikuwa barafu. Yaani msingi ushuke chini kuliko pale ardhi inapoganda wakati wa baridi, la sivyo ardhi itavimba na kuiinua nyumba.

Nafula, hii ni Nairobi. Hata kule Limuru majani ya chai yakiungua kwa baridi ni asubuhi moja, na saa nne jua limeshamaliza kesi. Ardhi yetu haijaganda tangu Mungu aiweke. Lakini mimi, mtu mzima mwenye tai na familia, nilisimama mbele ya wana wa Vihiga na Machakos nikawafundisha kujikinga na barafu. Aliyeitaja alipata alama tano. Asiyeitaja alipata sifuri. Nilifanya hivyo miaka na mikaka bila kucheka.

Mwaka ulipokuwa darasa la sita nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Ombima. Alikuwa mtu mzima, karibu miaka thelathini, mikono imekomazwa na simiti. Alikuwa ametoka kazi ya mjengo kwa mkandarasi mmoja Kalasinga wa Westlands, mzee Gurdev, na mzee huyo ndiye aliyempa ruhusa ya miaka miwili aje asome, arudi awe msimamizi mwenye cheti. Miwili, zaidi ya hapo hapana. Ombima alikaa mbele na kuuliza maswali. Mimi sikupenda maswali, kwa sababu Kiporo hakikuwa na majibu yake.

Kwenye mtihani wa mwisho, pale kwenye jambo la tatu, aliandika habari za udongo mweusi. Kwamba unafura mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na kwamba lazima uchimbwe na kutolewa wote mpaka mtu afike kwenye maramu, ile changarawe ngumu ya chini, au kwenye jiwe. Kisha akamalizia: Nairobi hakuna barafu. Ni sentensi hiyo ya mwisho iliyonichoma. Nyama ilikuwa haijafika. Nikapiga mstari mwekundu juu ya aya nzima, nikaandika sifuri yenye duara kubwa, na nikahisi raha, nikwambie ukweli, ile raha ya mtu aliyemfungia mwenzake mlango. Alama zake zote zilipojumlishwa zikawa thelathini na tisa.

Hapo bado alikuwa na njia ya kupona, na ndiyo inayonifanya niandike. Waliopata thelathini na nane na thelathini na tisa tuliwaita watu wa mpakani, na desturi ni kwamba hawaachwi wafeli hivi hivi. Kuna kikao. Wanaume wazima wanakaa kwenye meza ndefu yenye birika la chai na sinia la mandazi. Yuko mtahini wa nje, aliyetoka chuo kingine, ambaye huchagua karatasi tatu, ya juu, ya kati na ya chini, akazipapasa kama anayenunua nyanya, akatia sahihi kwamba zote ni halali. Jina la mtu wa mpakani likisomwa, mkuu wa idara humgeukia mwalimu wa somo na kumuuliza swali moja: "Unamjua huyu?" Hilo tu. Ukisema "ni kijana mzuri," anasukumwa mpaka arobaini na mtu anachukua andazi jingine. Mwaka ule tuliwasukuma sita. Mmoja alikuwa mpwa wa mtu, na mwingine alikuwa golikipa.

Likasomwa jina la Ombima.

"Unamjua huyu?"

"Ni yule mtu wa mjengo," nikasema. "Anabishana sana."

Wakacheka. Hata mtahini wa nje, ambaye hakumjua Ombima wala hakunijua mimi, alicheka. Thelathini na tisa ikabaki thelathini na tisa, tukaenda jina lililofuata. Mimi nilikula mandazi mawili siku ile.

Alikuja ofisini kwangu matokeo yalipobandikwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Kanuni yetu ilikuwa kwamba mwanafunzi haonyeshwi karatasi yake, eti ni mali ya chuo, kana kwamba ameiiba. Nikamwambia, "Hukutaja barafu." Akatazama dirishani. Nje jua la Januari lilikuwa linawaka mpaka lami ya barabara inalainika. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe umewahi kuiona?" Nikamwambia atoke, nina kazi. Kumbe barafu niliyowahi kuiona mimi ni ile ya friji ya mkuu wa idara.

Na kazi yenyewe niliyokuwa nayo, Nafula, ilikuwa rundo jingine la karatasi, na kati ya karatasi hizo kulikuwa na bahasha ndogo kutoka shule yako ya bweni. Barua yako ya kwanza na ya mwisho kwangu. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, sikuiweka chini. Nilizungushia makosa, nikapigia mistari sentensi zilizokatika, nikaandika chini: 11/20, kazi ya wastani, ongeza bidii. Nikaitia kwenye bahasha nyingine, nikakurudishia kwa posta. Jioni mama yako akaniuliza, "Baba Nafula, mtoto anasemaje?" Nikamjibu, "Anaandika vibaya." Sikujua ulikuwa unasema nini. Nilikuwa nimesahihisha ukurasa mzima bila kuusoma.

Nilidhani nimekusaidia. Nilimsimulia Gitau, naye akasema ndivyo watoto wanavyonolewa.

Mwaka uliofuata tukajenga nyumba hii. Mkuu wa idara alikuwa amehamia Mountain View, na mimi sikutaka kuendelea kupanga Kangemi huku naitwa mwalimu wa ujenzi. Nikanunua kiploti hiki huku bondeni nyuma ya Corner, ambako udongo mwekundu unaishia na mweusi unaanza. Nilichora ramani mwenyewe. Msingi niliupimia kwenye Kiporo: futi moja na nusu, kina kinachotosha kuikimbia barafu ya Uingereza. Na barafu haikutuingia hata siku moja, hilo nalikubali.

Kiangazi cha kwanza ukuta wa sebuleni ukapasuka kutoka dirishani mpaka sakafuni. Ulikuwa nyumbani kwa likizo, ukawa unaficha penseli ndani ya ufa. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba mara tatu kwa simiti, na mara tatu ukafunguka, na sikuweza kumwuliza mwenzangu yeyote chuoni kwa sababu wangecheka kwenye sinia la mandazi. Mwishowe nikaenda Westlands kwa mzee Gurdev, nikidhani hanijui. Akaniambia, "Nitakutumia mtu yangu ya misingi. Hiyo udongo anaijua vizuri."

Jumamosi akaja Ombima. Alisimama mlangoni, akaniangalia, akauangalia ufa, akavua kofia.

"Mwalimu," akasema. "Barafu imeingia?"

Nikamwambia, "Karibu."

"Ulichimba futi ngapi?"

"Moja na nusu."

"Hiyo ni ya kitabu," akasema, akaingia. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Najua unaikumbuka siku ile, kwa sababu ulitoka nje na kumfuata kila alikokwenda. Alikupa kamba ya timazi uishike juu ya ngazi. "Shika hapo, mama, usitingishe. Sasa niambie ukuta inasema nini." Ukatazama ule uzito unaning'inia, ukasema, "Inaegemea kwa jirani." Akasema, "Kabisa. Umepita." Ulitembea na neno hilo siku nzima. Wakati wa chakula ulimwambia mama yako mara mbili kwamba umepita. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mwalimu wa mitihani, na sikuwa nimewahi kukwambia hivyo. Nilikasirika, si kwa sababu nyingine ila wivu.

Alifanya kazi wiki mbili. Alichimba chini ya ukuta kipande kwa kipande, akatoa udongo mweusi wote mpaka akafika kwenye maramu, akajaza mawe na simiti. Ilikuwa ile aya yake neno kwa neno, ile niliyoipa sifuri, sasa inafanywa mbele yangu kwa sururu. Ule ufa wa sebuleni hakuuziba. Alipaka kipande kidogo cha simiti katikati yake, mfano wa plasta ya kidonda, akaandika tarehe juu yake kwa msumari. "Wacha ikae wazi," akasema. "Nyumba ikisonga tena, hii itapasuka kwanza na utajua. Ukifunika hutajua." Mama yako alikuja kutundika kalenda juu yake kwa sababu ya wageni, lakini mimi huifunua kila Jumapili nikaangalia. Ile plasta haijapasuka mpaka leo.

Siku ya mwisho nilijikaza nikamwambia, "Ombima, ilikuwa alama moja tu."

"Najua, mwalimu," akasema. "Wewe ndio ulikuwa nayo."

Alikuwa amerudi kwa Gurdev bila cheti, na mzee alihitaji mtu mwenye cheti kwa ajili ya karatasi za watu wa jiji, wanaotoa vibali vya ujenzi. Akaajiriwa kijana wetu mmoja, mmoja wa wale tuliowasukuma, awe msimamizi wa Ombima. Ombima ndiye aliyemfundisha kazi. Aliniambia hayo bila uchungu, akikusanya vifaa vyake, na ninaposema bila uchungu naamini najidanganya.

Utauliza kama nilirekebisha. Nilikwenda kwa mkuu wa idara Jumatatu. Akanisikiliza, akaguna, akasema, "Unataka tufukue makaburi?" Ningeweza kuandika barua kwa kikao, mistari mitatu: mwongozo wangu ulikuwa na kosa, mwanafunzi alikuwa sahihi, naomba aangaliwe upya. Niliiandika. Nikaiweka mfukoni juma zima. Halafu nikaichana, kwa sababu kulikuwa na cheo kinakaribia na sikutaka kusomeka nikisema nilikosea. Na cheo nikapewa. Huyo mwenyekiti wa kikao cha watahini unayemsikia akitajwa, anayeuliza "Unamjua huyu?", ndiye baba yako.

Barafu niliifuta kwenye mwongozo kimyakimya. Unajua kilichotokea? Wanafunzi walikuwa wanarithishana maandishi ya Kiporo kutoka kwa waliowatangulia, kwa hiyo mpaka mwaka jana walikuwa bado wananiandikia barafu. Wanajua mimi ni mtu wa barafu. Na mimi nawapa alama mbili, kwa sababu nitamnyimaje mtu kitu nilichomfundisha mwenyewe? Ndiyo elimu yetu hiyo, mwanangu. Uwongo ukishatiwa kwenye mwongozo, hata aliyeuanza hawezi kuutoa.

Halafu matokeo yako ya kidato cha nne yakatoka mwaka jana. C. Sikukugombeza, na najua ungependelea nikugombeze. Siku ya tano tulikuwa dukani hapo Corner, wewe umeshika mkate na maziwa, jirani akaniuliza binti anakwenda wapi, nikajibu nikiangalia pembeni, "Ni ualimu tu." Nilikuona ukiushika ule mkate mpaka ukabonyea. Mtu aliyekula mandazi wakati maisha ya mwenzake yanapotea alikuwa anakuonea aibu kwa sababu ya herufi moja. Na herufi hiyo nani aliitoa? Mtu kama mimi, mahali fulani, akingoja chakula. Najua zinavyotengenezwa na bado nilikupima nayo. Siwezi kumdharau Gitau tena baada ya hapo.

Kwa hiyo Kakamega watakupima. Atakuja mtu wa kukagua mazoezi ya kufundisha, atakaa nyuma ya darasa na fomu, atahesabu kama umeandika tarehe ubaoni na kama chati yako ina rangi. Mtoto wa dawati la mwisho anayesinzia kwa njaa hayumo kwenye fomu yake. Huyo mkaguzi mwandikie tarehe yake. Mpe rangi zake. Usibishane naye kwa kitu ambacho hata yeye hakiamini. Ila kichwa chako usimpe, na akikuandikia kumi na tano, ujue amekosa kukuona, basi. Na siku utakayoshika kalamu nyekundu mwenyewe sina ushauri wa kukupa. Mimi ndiye mtu wa mwisho kuulizwa.

Sasa nifike Jumatano. Mama yako aliniambia kufuli la sanduku lako la bati limekwama, lile ulilokwenda nalo bweni. Nikalifungua, nikaona gazeti ulilotandika chini limekunjika, nikalinyanyua ili nilinyooshe. Chini yake kulikuwa na barua yako. Nyekundu tupu. Miaka saba umeitunza, na sijui kama uliitunza kwa upendo au kwa ushahidi, na sikuulizi.

Nilikaa kwenye kitanda chako nikaisoma. Ilikuwa mara ya kwanza kuisoma.

Unasema umepanda sukuma wiki nyuma ya bweni na zimeota. Unasema Jumapili ya wazazi Mama alikuja peke yake. Unasema, "Wasichana wanasema mimi sina baba. Tafadhali njoo wakuone. Hata dakika kumi." Nimepigia mstari "sina baba," na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri wa mwalimu, nimeandika: Fafanua.

Mtoto wa darasa la sita.

Nililia, Nafula. Mama yako aliniuliza kufuli limenifanya nini, nikasema limenibana kidole.

Barua nimeirudisha pale pale chini ya gazeti, ni yako. Sijafuta kitu. Mimi ndiye niliyetakiwa kufafanua, na hizi kurasa ndizo ufafanuzi wangu. Usinipe alama. Ukiniandikia, nitasoma nikiwa nimekaa, mikono mitupu. Usiponiandikia, nitaelewa, na nitaendelea kusalimiwa mwishoni mwa barua za mama yako mpaka siku utakapobadili nia.

Lakini wewe uliniandikia kwanza, na barua ya mtu hujibiwa. Samahani kwa kuchelewa. Nimefurahi kusikia sukuma zimeota. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu nitapanda basi la asubuhi nije Kakamega. Nitasimama langoni, mahali ambapo wenzako wote wataniona. Ukiona dakika kumi zimetosha, niambie, nami nitarudi.

Ndiyo, nitakuja.

Baba yako.